Sataranji ya Karata: Ubao Mmoja, Watu Wanne

Weka seti ya karata kando ya ubao wa sataranji kwenye kimbweta chochote hapa chuoni, halafu subiri. Hazipiti dakika mbili, mkongwe mmoja atasimama nyuma yako aseme, "Sasa hiyo siyo chesi tena, hiyo ni kamari."

Hoja yake si ya kupuuza. Sataranji, au chesi kama wengi wetu tunavyoiita, ina sifa moja kubwa: hakuna cha kusingizia. Ukishindwa, umeshindwa wewe. Hakuna refa wala mvua. Kwa hiyo mtu akileta karata, maana yake analeta bahati, na mkongwe anaona jasho lake la miaka mitatu linataka kuchezewa.

Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayowakimbiza watu. Angalieni meza ya chesi katika mabweni mengi. Wanaocheza ni walewale watatu au wanne. Mwaka wa kwanza anakuja, anapigwa mara tano mfululizo, kila pambano analijua limeisha likiwa bado katikati, kesho hamwoni tena. Kaenda kwenye arubastini au lasti kadi, kwa sababu kule hata mgeni ana siku yake. Swali langu katika makala hii ni hili: je, tunaweza kuchukua mlango mpana wa karata bila kuitupa akili ya sataranji? Mimi nasema inawezekana, na nitaeleza jinsi mchezo wenyewe unavyokwenda ili mtu ajaribu leo hii jioni, abishe kesho.

Mchezo wenye mizizi mirefu

Tuanze na jina. Neno sataranji limetufikia kutoka Kiarabu, shatranj, ambalo nalo linatokana na neno la Kisanskriti, chaturanga, yaani "viungo vinne". Viungo hivyo ni vikosi vinne vya jeshi la India ya kale: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Karata zenyewe zilitujia kwa njia nyingine. Neno karata, pamoja na kopa, uru, pau, shupaza na hata turufu, yote ni ya Kireno. Kwa hiyo anayesema Kiswahili michezo yote miwili anayo mdomoni siku nyingi. Kilichobaki ni kuikutanisha mezani.

Sasa mkongwe wetu akisema bahati haijawahi kukaa kwenye ubao wa sataranji, mpeleke kwa al-Biruni. Huyu alikuwa mwanazuoni wa Khwarazm, katika Asia ya Kati, aliyezaliwa mwaka 973. Mnamo mwaka 1030 aliandika kitabu kikubwa kuhusu India, na humo anaeleza sataranji ya watu wanne waliokaa kuzunguka ubao mmoja, kila mmoja na jeshi lake dogo. Walikuwa wanarusha dadu mbili. Namba ya dadu ndiyo iliyoamua kete gani isogezwe. Yaani unaweza kuwa umeona mwanya mzuri wa farasi wako, lakini dadu ikasema leo ni zamu ya tembo.

Na walihesabu pointi. Mfalme aliyeliwa alikuwa na thamani ya 5, tembo 4, farasi 3, rukh (babu wa ngome yetu ya leo) 2, na askari 1. Kila jeshi lilikuwa na askari wanne, kwa hiyo ukijumlisha unapata 18. Mara majeshi matatu ya wapinzani, ni 54, na ndiyo namba anayoitaja al-Biruni kwa mchezaji aliyewashinda wote. Kumbukeni hesabu hiyo, tutairudia.

Mjadala wa bahati na akili nao si wa jana. Al-Mas'udi, msafiri wa karne ya 10 ambaye alifika hata huku pwani ya Afrika Mashariki, kwenye kisiwa alichokiita Qanbalu, anasimulia maneno ya mwanazuoni mmoja kuhusu michezo miwili ya ubao. Alisema aliyebuni sataranji lazima aliamini kwamba binadamu ana hiari katika matendo yake, na aliyebuni nard, mchezo wa dadu, aliamini kila kitu kimeshapangwa. Zaidi ya miaka elfu moja imepita na bado tunabishana hilohilo kwenye vimbweta.

Siku hizi nako karata zimepanda ubaoni. Mwaka 1991 Wafaransa wawili, Pierre Cléquin na Bruno Faidutti, walitoa mchezo unaoitwa Tempête sur l'échiquier, yaani dhoruba juu ya ubao wa sataranji. Mwaka 1996 ukatoka kwa Kiingereza kwa jina la Knightmare Chess. Ule ni wa watu wawili, na karata zake zinavunja sheria: moja inaruhusu kete kufanya jambo ambalo kwa kawaida haliwezi, nyingine inavuruga mpango wa mwenzako. Ni burudani, lakini inabidi uwe na seti yao maalumu.

Hapo tunaona aina mbili za kuchanganya bahati na ubao. Ya kwanza, bahati inavunja sheria. Ya pili, ile ya India ya kale, sheria zinabaki palepale ila bahati inakupa ruhusa: leo unaweza kusogeza hiki, kile huwezi. Tunaocheza bwenini tumechukua njia ya pili, ila tumeweka karata za kawaida mahali pa dadu. Sheria zinazofuata ni zetu wenyewe.

Jinsi ya kucheza

Unahitaji ubao mmoja wa kawaida wa miraba 64, seti moja ya kete za chesi, seti moja ya karata 52 (zile joka wekeni pembeni), na uzi kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo kila nikimwonyesha mtu anacheka. Seti moja ya kawaida inatosha majeshi manne bila kubaki hata kete moja. Kuna ngome nne, farasi wanne, maaskofu wanne na askari 16. Watawala je? Wafalme wawili na malkia wawili, jumla wanne! Kwa hiyo upande mweupe unagawanyika: jeshi moja la mfalme, jeshi moja la malkia. Upande mweusi vilevile. Majeshi ya malkia yafungeni uzi shingoni ili yatofautiane na ya mfalme. Malkia hapa anapewa cheo cha mtawala, lakini mbio zake anaziacha mlangoni: anatembea mraba mmoja tu kama mfalme. Askofu tunamwita kwa jina lake la zamani, tembo, maana ndivyo alivyokuwa kabla Wazungu hawajambadilisha.

Kila mtu anakaa upande wake wa ubao. Panga kete zako kwenye mstari wa kwanza, ukianzia kona ya kushoto kwako: ngome, farasi, tembo, mtawala. Askari wanne wanasimama mbele yao. Wote wakipanga kwa kuanzia kushoto, majeshi yanakaa kwenye kona nne bila kugusana, na katikati panabaki uwanja wa wazi.

Kete zinatembea kama kwenye chesi ya kawaida. Askari anakwenda mbele mraba mmoja na anakula kwa kukata pembe. Hakuna kumwambia mtu "shah", na mtawala analiwa kama kete nyingine yoyote. Ukiliwa mtawala hutoki mchezoni, unaendelea na waliobaki. Askari wako akivuka ubao mpaka ukingo wa pili, anageuka kuwa kete yako mojawapo iliyokwisha kuliwa.

Karata ndizo zinazotoa ruhusa:

Namba 2 mpaka 7, sogeza askari.
Namba 8 na 9, sogeza ngome.
Namba 10 na J, sogeza farasi.
Q na A, sogeza tembo.
K, sogeza mtawala.

Zichangeni karata vizuri, kila mtu apewe tatu, zinazobaki ziwekwe katikati zikiwa zimefunikwa. Zamu yako ikifika unatoa karata moja, unaiweka wazi, unasogeza kete yake, kisha unaokota nyingine. Zamu inakwenda kwa wa kulia kwako. Kama karata zote tatu hazina kete inayoweza kusogea, tupa moja, okota moja, zamu imepita.

Pointi: mtawala 5, ngome 4, farasi 3, tembo 2, askari 1. Tumebadilishana tembo na ngome tofauti na ile ya al-Biruni, kwa sababu ngome ya leo ina mbio sana. Jumla bado ni 18 kwa kila jeshi. Pointi ni za aliyekula.

Mchezo unaisha karata zote 52 zikishachezwa. Ukigawa 52 kwa wanne unapata 13, kwa hiyo kila mtu ana zamu 13 kamili, siyo zaidi, siyo pungufu. Hakuna mambo ya kukaa saa tatu mtu anafikiria huku wengine wanasinzia. Mkitaka mchezo mrefu, changeni karata zote upya mzunguke mara ya pili.

Akili iko wapi hapo?

Sasa turudi kwa mkongwe. Anauliza, kama karata ndiyo inayoamua, mimi nafikiria nini?

Kwanza, karata haikuamulii, inakupa uchaguzi wa vitatu. Mwenye dadu anachukua kilichoanguka. Mwenye karata tatu mkononi anachagua itoke ipi sasa, ipi isubiri. Unaweza kuitunza ile 9 kwa zamu nne, unasogeza askari kwa upole kana kwamba huna mpango, kumbe unafungua njia ya ngome. Wenzako wanaona kete zako zote, lakini hawaoni ruhusa ulizonazo. Kwenye chesi ya kawaida hakuna siri kama hiyo.

Pili, karata ina kumbukumbu, dadu haina. Dadu ikileta sita mara tatu, mara ya nne uwezekano wa sita uko palepale. Karata ikishatoka imetoka. Chukua tembo. Ruhusa zake ni Q nne na A nne, jumla 8. Umekaa mahali ambapo tembo wa jirani anaweza kukula. Je, ukimbie? Hesabu zilizokwisha kuchezwa. Kama zimetoka 7 na ya nane unayo wewe mkononi, huyo tembo ni picha tu, kete ipo ila nguvu haipo. Kaa hapohapo uendelee na shughuli zako. Asiyehesabu atakimbia bure na kupoteza zamu moja kati ya 13 zake.

Tatu, unaweza kujipanga dhidi ya mkono mbaya. Karata za askari ni 24 kati ya 52, zilizobaki ni 28. Uwezekano wa kupewa karata tatu za mwanzo bila hata moja ya askari ni 28/52 mara 27/51 mara 26/50, ambayo ni kama asilimia 15. Yaani mara moja hivi katika kila michezo saba. Haitokei kila siku, ila inatokea, na ikitokea ngome na tembo wako wamezibwa nyuma ya askari wao wenyewe. Farasi peke yake anaruka. Mchezaji mzuri anajua hilo mapema, kwa hiyo mwanzoni anatumia karata ndogo kufungua mianya hata kabla hajajua atapita nani.

Kwa hiyo akili haijaondoka, imehama. Imetoka kwenye kukariri mianzo ya chesi ya vitabuni, imekwenda kwenye kuhesabu, kusubiri na kusoma watu. Mkongwe bado ana faida, maana macho yake yanaona haraka nani anamtishia nani. Lakini mgeni hajafungiwa mlango. Siku akipata karata zinazooana na kete zake, anakula ngome ya bingwa, na atarudi kesho kutwa kutafuta nyingine.

Wanne siyo wawili mara mbili

Jambo la pili ambalo mchezo huu unabadilisha ni watu wenyewe. Kwenye chesi ya wawili, hasara yangu ni faida yako, basi. Mkiwa wanne, mkipigana wewe na jirani mkaliana kete, wanaofaidi ni wale wawili waliokaa kimya. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mtu mwenye haraka ya kula ovyo anajifunza hili kwa uchungu kwenye zamu ya tano au ya sita, kete zimemwisha na pointi zake nne.

Vilevile anayeongoza anaandamwa na wote. Hilo linasaidia kusawazisha meza, lakini linaleta tatizo moja ambalo lazima nilitaje. Chukua mchezo umefika mwisho: wa kwanza ana 14, wa pili 13, wa tatu 6, wa nne 5. Wa tatu amebakiza karata moja, na kwa karata hiyo anaweza kumla farasi wa yeyote kati ya wawili wale, jambo ambalo halimfikishi popote kwenye ushindi. Lakini wa pili naye ana farasi huyohuyo wa kumla yule anayeongoza, na hana kingine. Wa tatu akimwahi, wa pili amekwama na 13 zake. Kwa hiyo asiyeweza kushinda ndiye anayechagua mshindi. Hapo ndipo urafiki, utani wa makabila na deni la chipsi la wiki iliyopita vinapoingia ubaoni.

Dawa yetu ni kucheza michezo minne, kila mtu aanze mmoja, halafu tunajumlisha pointi zote. Ukifanya hivyo, yule wa tatu hana tena muda wa kuteua mfalme. Kila pointi ni yake, inamfuata kwenye mchezo unaofuata. Na michezo minne inapunguza kelele za bahati. Mkono mmoja mbaya unameza mchezo mmoja. Mikono mingi kwa kawaida inasawazishana, na mwenye akili anaanza kuonekana.

Hapo ndipo mimi kama mwanafunzi wa ualimu nasimama kidogo. Tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tutakuta darasa la watoto 60. Chesi ya wawili inataka mbao 30, ya wanne inataka 15. Hiyo pekee ni sababu ya kutosha. Lakini kuna kubwa zaidi. Mtoto mmoja akifanya mtihani mmoja siku moja, alama anayopata ina akili yake ndani, ina pia karata alizopewa: alilala njaa au alishiba, swali lilitoka kwenye mada aliyoisoma au aliyoikosa siku alipougua. Mwalimu anayeandika "mzito" kwenye ripoti baada ya mtihani mmoja anamhukumu mchezaji kwa mkono mmoja. Sisi wenyewe tunaoogopa sapu tunalijua hilo vizuri. Mchezo huu unawaonyesha watoto, na mwalimu wao, kwamba matokeo ya mara moja yana maana ndogo kuliko yanavyoonekana, na kwamba matokeo ya mara nyingi yana maana kubwa.

Na kamari je?

Mkongwe alisema neno hilo, na siyo la kulikwepa. Al-Biruni mwenyewe anaeleza kuwa zile pointi zilitumika kugawana dau. Kwa hiyo mchezo ulizaliwa na pesa pembeni, na sisi tunaishi kwenye chuo ambacho bumu likiingia Ijumaa, kuna watu Jumatatu wanakopa nauli kwa sababu ya mikeka.

Lakini kilicho kibaya kwenye mkeka siyo bahati. Kibaya ni kwamba bahati ile umeuziwa, na muuzaji ameshaweka bei inayomwachia faida yeye, leo na mwakani. Wewe ukishaweka mkeka huna cha kufanya, mpira unachezwa bila wewe. Kwenye ubao wetu hakuna aliyekaa juu ya meza anakusanya chake. Karata 52 zinaisha zote, kila mtu amecheza 13 zake, na kati ya kugawiwa na kumaliza una maamuzi 13 ya kufanya kwa mikono yako. Ndiyo maana sheria yetu ya mwisho ni fupi: hapa ni pointi tu. Anayetaka kuweka hata mia mbili, atafute kimbweta kingine.

Kwa wanaotaka kujaribu, chukueni uzi wa rangi inayoonekana usiku, maana taa za vimbweta mnazijua. Wapeni wageni karatasi yenye orodha ya karata na kete zake kwa mchezo wa kwanza, wakifika wa pili hawataihitaji. Na mkipata mkongwe wa chesi, msibishane naye kwa maneno. Mpeni kiti cha nne, mgawieni tatu zake.